Mzee Kachumbari wa Kawempe

Wasikilizaji wapendwa, mtanivumilia sauti yangu leo. Wiki hii nimezika mara mbili, na nimechoka. Huyu wa pili ni Abdul-Latif, muuza miche wa Kawempe. Wengi mlimjua kwa jina la Mzee Kachumbari. Jina hilo alijipikia mwenyewe.

Vita vya msituni vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, Abdul-Latif alianza kuotesha miche kando ya barabara. Mwaka wa tisini na tisa mdogo wake, Munirah, akafiwa na mume. Akabaki na watoto wanne na kilima kimoja kule Bombo. Kilima kimoja tu. Alitaka miti ya kuwajengea watoto nyumba, achanganye mikaratusi, mivule na misizi. Kaka yake alicheka mpaka akashika kiuno.

"Munirah, hii ni msitu ama ni kachumbari? Panda kalitunsi peke yake. Inakua mbio."

Mkubwa kasema, mdogo afanyeje? Kilima kizima kikapandwa hiyo kalitunsi, mikaratusi mitupu.

Mwaka wa tatu kikaja kijidudu, hata kukiona ni shida. Majani yakavimba vinundu. Kijidudu kilitoka mti huu, kikakuta jirani yake ni chakula kilekile, na jirani wa jirani vilevile. Miti yote ikadumaa. Abdul-Latif alipita safu ya kwanza hadi ya mwisho. Aliona haya. Alikuwa amewanyima wapwa zake nyumba.

Misimu mitatu aling'oa visiki kwa mikono yake, mgongo ukaharibika. Akapanda upya: mikaratusi kidogo, mivule, misizi, migavu. Na tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, hakumuuzia mtu miche ya aina moja. Ukitaka mikaratusi mitupu, anakufukuza.

"Changanya, ssebo. Mdudu akimaliza huyu, kwa jirani akute mlango imefungwa."

Wateja walivuka barabara, wakanunua kwa mwingine. Wakamrudishia kicheko chake: Mzee Kachumbari! Naye aliitika, kwa uchovu, kama mtu anayeitwa na daktari.

Msitu wa Munirah ukasimama. Watoto wakajenga. Lakini kila Idi, kwa Munirah, kaka mtu alikaa karibu na mlango, akanywa chai harakaharaka, akaaga. Hakuomba msamaha. Munirah naye hakuligusa jambo hilo.

Wiki iliyopita miguu ilimkataa. Akatuma ujumbe Bombo: niletee jani moja la kila aina ya mti, nione kama ni safi. Munirah alichuma, akafunga kwenye leso. Alifika Kawempe Jumanne mchana, akakuta wanawake wameshakaa kwenye mikeka ya msiba.

Asubuhi hii alikuja hapa studio. Leso iko mezani mbele yangu. Majani ni manne, hakuna hata moja lenye kinundu.

"Mimi nilimsamehe zamani," aliniambia. "Siku ile alichimba shimo ya kwanza. Nilifikiri anajua."

Munirah, wanao, na jamaa wote wa Kawempe na Bombo, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaopanda msimu huu, changanyeni miti. Na kama kuna mtu uliyemsamehe kimoyomoyo, wasikilizaji wapendwa, usidhani anajua. Zima redio, nenda ukamwambie.