Mama Pindo, Fundi wa Nguo na Mwanafunzi wa Kijerumani

Ndugu, majirani na marafiki, dada tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Walizaliwa wawili tu. Wa pili ni mdogo wake, anayesoma wasifu huu, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumshinda kwa ubishi hata siku moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965. Alifaulu, lakini mwaka huohuo mama yao aliugua, na wa kubaki nyumbani akawa yeye. Hakulalamika. Madaftari ya mdogo wake aliyatia jalada yeye, na ole wake mdogo ayarudishe yamekunjika pembe.

Mwaka 1967 aliingia chuo cha ushonaji, na mwaka 1970 akaajiriwa kushona shuka na mavazi ya hospitali. Mwaka 1982 alifungua chumba chake karibu na kituo cha mabasi, pamoja na mwenzake aliyekaa kwenye cherehani ya pili mpaka juzi. Jina la Mama Pindo walimpa wateja. Hakumkabidhi mtu nguo ambayo pindo lake halijaisha, hata kama bibi harusi anasubiri mlangoni.

Tarehe 16 Novemba 1974 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole wa maneno machache, ambayo labda ndiyo siri ya ndoa yao kudumu. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1979. Mume alifariki mwaka 2004, na koti lake likabaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha ushonaji. Binti alisomea uuguzi, mwaka 2006 akaenda kufanya kazi ng'ambo kwa Wajerumani, akaolewa hukohuko, na mwaka 2009 akajifungua mtoto wa kike.

Mjukuu aliletwa kwa mara ya kwanza Desemba 2013, ana miaka minne, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Siku ya tatu mama yake alitoka kwenda benki. Mtoto akaanza kulia, akirudia neno moja tu. Bibi akampa maji, akampa ndizi, akambeba mgongoni akazunguka naye chumba kizima. Mama mtu aliporudi baada ya saa tatu, alilisikia lile neno mara moja akamwinamisha mtoto kichwa. Sikio lilikuwa linatoa usaha. Mtoto alipona ndani ya wiki. Bibi ndiye hakupona. Alimwambia mdogo wake, "Mtoto kaniomba msaada saa tatu nzima, mimi namnywesha maji. Hilo halitatokea tena."

Januari 2014, akiwa na miaka 62, alijiandikisha darasa la Kijerumani pamoja na wauguzi vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani. Kilichomtoa jasho ni der, die na das, vijineno vinavyotangulia majina na kuonyesha jinsia ya kila kitu. Kijiko mwanamume, uma mwanamke, kisu si huyu wala yule, na vyote vinalala droo moja. Alipomwuliza mwalimu sababu, mwalimu alimjibu kwamba na sisi tuna ki na vi zetu na hakuna aliyetuhoji. Binti yake alimsihi kwa simu aachane navyo, maana ataeleweka tu. Alikuwa anamwambia nani? Mama Pindo alishika uzi. Akafunga wa buluu kwenye vitu vya der, mwekundu kwenye vya die, wa kijani kwenye vya das, chumba kizima, mpaka birika.

Alichosahau ni kwamba katika chumba kile uzi mwekundu ulikuwa na kazi yake tangu 1982: nguo yenye uzi mwekundu ni ya kufumuliwa. Koti kwa Kijerumani ni la kike. Asubuhi moja mwenzake alifika mapema, akakuta koti la marehemu shemeji yake lina uzi mwekundu, akashika wembe. Mama Pindo alipoingia, mikono ya koti ilikuwa mezani na bitana chini. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akalia kidogo, akalishona upya kwa siku mbili.

Bandu bandu huisha gogo. Mjukuu alikuwa na haya kwenye simu, anasema neno moja na kumrudishia mama yake. Mwaka 2015, bibi alipoipa meza jinsia isiyo yake, mtoto alimsahihisha, na siku hiyo waliongea dakika arobaini. Tangu hapo wakawa na Jumapili zao, na binti hakuitwa tena kutafsiri.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumapili moja mdogo wake, aliyekaa kando ya kitanda akipekua daftari la dada la Kijerumani, alimsikia akikosea neno aliloliandika sawasawa humo miaka saba nyuma. Simu ilipokatwa akamwuliza. Dada akajibu, "Nikipatia yote, atanifundisha nini?"

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti, mkwe, mdogo wake, mwenzake wa cherehani ya pili, na mjukuu, sasa ana miaka kumi na minne. Juzi mjukuu alipowasili, mdogo wa marehemu alimweleza, kupitia kwa mama yake, kwamba bibi alikuwa akikosea makusudi. Mtoto alisema anajua. Alijua tangu ana miaka tisa. Aliendelea kumsahihisha kwa sababu aliogopa kwamba bibi akishajua kila kitu, ataacha kupiga simu.

Dada, umeeleweka. Pumzika kwa amani.