Upande Mmoja wa Shuka

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 2 Juni 1961, wa kwanza katika watoto wawili wa seremala na mshonaji. Wa pili ndiye anayewasomea wasifu huu. Marehemu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akalazwa kwenye droo ya kabati ambalo baba alikuwa amelimaliza wiki ile. Mwenye kabati alipokuja kulichukua aliambiwa avumilie, droo moja ina mtu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni na kumaliza darasa la saba mwaka 1976. Mwaka huohuo alipata kipaimara. Mwalimu aliwauliza imani ni nini, naye akatoa mstari mzima wa Maandiko bila kuvuta pumzi. Alizawadiwa kitabu cha nyimbo. Alikitumia hadi mwaka 2007.

Aprili 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu. Shuka la wodi hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika ncha mbili, wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanasogeleana na mmoja anamkabidhi mwenzake upande wake. Miaka yote hiyo mwenzake alikuwa mama tunayemwita Mrefu, ambaye ameketi hapa mbele. Marehemu alikuwa mfupi.

"We Mrefu, shuka linateremka mlima huku! Piga magoti basi."

"Nipige magoti, kwani wewe nani? Panda ndoo."

Alipanda ndoo kweli, hadi msimamizi alipopiga marufuku.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi rangi, shemeji yetu, aliyekuja madhabahuni na doa jeupe nyuma ya sikio. Marehemu aliliona na hakusema, akasema baadaye kwamba alitaka lionekane kwenye picha. Linaonekana. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1988, kisha mabinti wawili.

Kijana huyo alifariki tarehe 9 Agosti 2007 kwa homa ya uti wa mgongo, katika hospitali hiyohiyo. Likizo ya msiba ilipokwisha mama yake alirudi kazini. Mashuka ya wodi ile yalikuwa kwenye kikapu cha kwanza. Aliyafua, akayakausha, akayapiga pasi.

Jumapili aliendelea kwenda kanisani na kukaa kwenye benchi lake. Hakufungua kitabu cha nyimbo. Watu waliposimama kukiri Imani ya Mitume alisimama nao, kimya. Baada ya miezi kadhaa mchungaji wa wakati huo alimsubiri mlangoni.

"Mama, naona midomo imefungwa."

"Imefungwa, Mchungaji."

"Sasa huwa unakuja kufanya nini?"

"Kukaa."

Mchungaji alifikiri kidogo, akasema kukaa nako kunaruhusiwa.

Aliyemjibu zaidi ni Mrefu, nao wakiwa kazini, shuka liko katikati yao. Marehemu alimwambia kwamba akijaribu kusali anaona ukuta, na kwamba kusimama na wanaoamini ni kuazima imani ya watu.

"Na hili shuka ni lako?" Mrefu akamuuliza.

"La hospitali."

"Mbona umelishika? Wewe shika upande wako, maneno nitasema mimi. Mwisho utaitikia Amina. Amina nayo imekushinda?"

"Amina naiweza."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kazi, Mrefu alisema Sala ya Bwana na marehemu akaitikia. Hakuongeza neno. Mwaka 2014 nyumba ya Mrefu iliungua, vyumba vyote. Tulimkuta amekaa nje juu ya kreti ya soda, akasema leo hana neno la kumwambia Mungu. Marehemu akavuta kreti nyingine. "Kaa hivyohivyo. Leo nashika mimi." Akasali sala yote kwa sauti, mara ya kwanza kwa miaka saba. Kesho yake alirudi kwenye Amina yake.

Tunaeleza haya kwa sababu aliagiza. Alimwambia mdogo wake, "Ukiandika habari zangu, usiseme nilikuwa na imani kubwa. Utanichekesha ndani ya sanduku." Basi hatusemi hivyo. Tunasema alikuja. Mvua ilinyesha akaja, miguu ilivimba akaja. Waliofiwa aliwaendea, akawakunjia nguo zao na kuondoka. Kama imani ni kitu cha kuhisi, yeye mwenyewe alisema hakukihisi. Kama ni kitu kinachoshikwa na wengi, ili anayechoka asikiangushe, basi upande wake haukugusa chini.

Alistaafu Juni 2021. Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara kadhaa, mara ya mwisho tarehe 3 Machi 2025. Siku hiyo alishika pindo la shuka, akalinusa, akasema, "Halikusuuzwa hili." Baada ya hapo alizungumza kidogo.

Ijumaa tarehe 14 Machi, saa kumi jioni, Mrefu na mimi mdogo wa marehemu tulikuwa pembeni ya kitanda. Mrefu alisema Sala ya Bwana hadi mwisho, kisha akanyamaza, kama walivyozoea. Tulisubiri. Muuguzi akaja, akamshika dada yetu mkono, akatutazama. Hatukuitikia sisi. Ilikuwa zamu yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja, na Mrefu.

Sala ile haijafungwa mpaka sasa. Kabla ya jeneza kushushwa Mrefu ataisema tena, na akifika mwisho atanyamaza. Tunawaomba nyote mliopo, anayeamini na anayeona ukuta, mwitikie Amina.

Apumzike kwa amani dada yetu. Upande wake tumeupokea.