Losaline Moala, Aliyewasimulia Watu wa Ha'apai Sinema (1947–2015)

Marehemu Losaline Moala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 katika kijiji cha Koulo, kisiwani Lifuka, Ha'apai. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Pauliasi Taulanga na Mama Vika. Mama alikuwa akisema kwamba Losaline alitembea kabla hajaota meno, na tangu hapo hakuna aliyemwona amekaa chini akamaliza kikombe cha chai. Walizaliwa wawili tu. Mdogo wake, Sitiveni, ndiye anayesoma wasifu huu. Leo mahali pake ni kule nyuma kwenye tanuri la ardhini, pamoja na wenzake waliovaa mikeka michakavu, kama inavyompasa ndugu wa kiume aliyefiwa na dada. Ameitwa mbele kwa sababu marehemu aliagiza hivyo, na agizo la dada halijadiliwi.

Alianza shule ya msingi hapa Koulo mwaka 1953, na mwaka 1961 akapelekwa shule ya bweni ya wasichana Nuku'alofa. Kiingereza kilimwingia kama maji. Tatizo lilikuwa saa ya kimya. Wenzake wakisoma, yeye alizunguka barazani akiongea na kuta. Mwalimu mkuu alimwambia baba, "Mzee, binti yako ana akili sana, ila kumtazama tu kunatuchosha." Mwaka 1964 alirudishwa nyumbani, na hakuonekana kusikitika.

Kazi yake aliirithi kwa baba. Wazee mliopo mnakumbuka ukumbi wa mabati pale gatini Pangai. Picha zilikuja kwa meli, zote kwa lugha ya kigeni, na baba alisimama kando ya pazia na maikrofoni akisimulia kila kitu kwa Kitonga. Mwezi Mei 1966 baba alishikwa na kifua siku ya maonyesho. Losaline akachukua maikrofoni, akapanda. Watu wakapiga kelele. "Shuka, dada! Kamlete baba yako!" Yeye akajibu, "Baba anakohoa. Mnataka kusikia picha au kusikia kikohozi?" Ukumbi ukacheka, na hakushuka tena kwa miaka ishirini.

Baba alikuwa anatafsiri. Losaline alitafsiri na kutia maoni yake, na hakuna aliyeyaomba. Kwenye picha za kutisha, msichana akishika taa kwenda kuchungulia chini ya nyumba, alisema, "Mtazameni huyu. Mlango uko wazi nyuma yake, miguu anayo miwili, mizima. Lakini anateremka! Mama yake alikuwa wapi?" Watu walikuwa wakicheka huku wamefumba macho. Picha za wauaji na wapelelezi zilimkera kwa sababu alimjua mwenye kosa mapema, na akishajua hakuweza kunyamaza. "Ni daktari. Tazameni anavyonawa mikono. Ni daktari huyo." Sajini mmoja wa polisi alisimama siku moja akafoka, "Losaline, funga mdomo, nimekuja na mke wangu!" Akamjibu, "Sajini, ungekamata watu mapema, nisingekusaidia."

Vichekesho havikumchekesha. Alisema mtu akianguka mara ya kwanza yeye hucheka, mara ya pili humwonea huruma, mara ya tatu hutaka kujua kwa nini hakuna anayemwinua. Alichopenda ni picha za watu wanaoruka kwenda kwenye nyota. Alizilalamikia pia, maana hakuelewa mtu anawezaje kusafiri miaka mingi hivyo bila kufunga hata kiazi kikuu kimoja. Lakini kwenye picha hizo sauti yake ilibadilika, akaacha utani. Aliwahi kusema kwamba hao ndio watu pekee wa sinema ambao hawaulizwi wanarudi lini.

Sitiveni hakuwahi kuingia ukumbini humo. Kwetu kaka na dada hawatazami picha pamoja gizani, na kwa kuwa Losaline alikuwapo kila onyesho, mdogo wake alibaki nje kila onyesho. Vijana walimtania: "Sitiveni, dada yako kakufungia dunia!" Alikaa nyuma ya ukumbi karibu na jenereta, akisikiliza kupitia bati.

Naona nimeanza kujiita kama mgeni. Mnisamehe, nitasema mimi.

Nilikuwa nakaa na fundi wa jenereta, Kelepi Moala wa Faleloa. Yeye alikuwa na tundu la msumari kwenye bati, akichungulia na kunipa habari zilizobaki. Kwenye busu dada hakutafsiri. Alitangaza zamu za kufagia kanisa mpaka wale wa kwenye pazia wamalizane. Siku moja alitangaza zamu, akafika mwisho, akaanza upya, na mimi nikamuuliza Kelepi, "Bado tu?" Hakuwa akitazama pazia. Alikuwa anamtazama msimulizi. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 11 Desemba 1971, na Mungu akawajalia Pisila na Feleti.

Kisha video zikaja. Kila nyumba yenye televisheni ikawa ukumbi, na mwaka 1986 ukumbi wa Pangai ukafungwa. Dada alikwenda nyumba kwa nyumba kusimulia. Watoto wenye Kiingereza cha shule wakamwambia, "Shangazi, tunaelewa wenyewe." Alirudi nyumbani akapanga vyombo upya, kesho yake akavipanga tena. Kelepi aliniambia, "Shemeji, huyu mwanamke ataitoboa hii nyumba." Mwaka uliofuata walihamia ng'ambo, Auckland. Alifanya kazi ya kufulia nguo za hoteli, na kila Jumamosi alitoa maoni ya sinema kwenye redio ya Watonga. Mtu alipiga simu kuuliza kama picha fulani inafaa familia, akaambiwa, "Mpeleke mama mkwe wako. Mabinti waache nyumbani." Kelepi alifariki huko mwaka 2003. Dada alihama nyumba mara nne baada ya hapo.

Mwaka 2011 figo zake zilikataa. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kila wiki, nusu siku nzima kitini. Mnaomjua mnaelewa hukumu hiyo. Wauguzi wa huko walimpenda na walimtunza vizuri, na pembeni yake kulikuwa na televisheni aliyoizomea. Lakini Pisila alinieleza kwamba mama yake alikuwa akitazama mlango zaidi kuliko televisheni.

Septemba mwaka huu alisema inatosha, anarudi Koulo, na sote tulijua hapa hakuna mashine. Pisila alimlilia. "Mama, ukipanda ndege hiyo unajiua." Dada akamwambia, "Sijiui, mwanangu. Naondoka kabla picha haijaisha. Watu wazima huruhusiwa." Mimi nilimpigia simu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimpandishia sauti dada yangu. "Rudi kitini, Dada! Wajukuu bado wadogo." Alisubiri nimalize. Akasema, "Umemaliza? Nipakie rangi madirisha. Ya bluu."

Nilipaka.

Alifika tarehe 24 Septemba. Alilazwa nyumbani, chumba cha upande wa barabara, na Pisila alikuwa naye ndani. Chumba cha dada mimi siingii, hata akiwa anaumwa, kwa hiyo nikaweka kiti barazani chini ya dirisha. Alasiri moja Pisila akamwashia picha. Nikasikia ile sauti, imekonda lakini ni ile ile.

"Sitiveni, upo?"

"Nipo, Dada."

"Kuna mtu anateremka chini ya nyumba, gizani."

"Msichana?"

"Mwanamume. Siku hizi nao wamekuwa wajinga."

Tuliendelea hivyo siku kadhaa. Pisila alisema nilikuwa nacheka kama mtoto. Sikumwuliza dada kuhusu mashine tena. Ila siku moja picha ikiwa katikati nilishindwa, nikauliza, "Dada, unaogopa?"

Akamwambia Pisila azime televisheni.

"Naogopa kidogo," akasema. "Si kitu chenyewe. Naogopa ule muziki wa picha za kutisha, unaokuja kabla yake. Kukiwa kimya hapa ndani nausikia."

"Nifanye nini?"

"Nisimulie."

"Nisimulie nini? Mimi sijaona hata picha moja."

"Barabara si unaiona?"

Basi nikasimulia barabara. Nilisema nguruwe anapita. Akauliza rangi gani. Nikasema mke wa mchungaji anatoka dukani. Akauliza, "Kabeba nini, uso wake ukoje? Usikimbie, Sitiveni. Watu wamekaa sakafuni wanakusikiliza." Siku iliyofuata nilijitahidi zaidi. Siku ya tatu alisema, "Leo umeanza kusema uongo. Vizuri." Miguu yake ilikuwa imevimba sana, lakini Pisila anasema iliendelea kusogea chini ya shuka muda wote nilipokuwa nasema.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Oktoba 2015, saa tisa alasiri. Nilikuwa namweleza lori la maji lililokwama mbele ya shule na watoto waliotoka darasani kulisukuma. Niliendelea kusema. Pisila aliniacha niseme mpaka lori likaondoka, ndipo akatoka nje akanishika bega. Mwanangu huyu nilimkasirikia kwa saa nzima kwa kutoniambia. Sasa namshukuru mbele yenu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Pisila na Feleti. Mkwe mmoja, 'Ema. Wajukuu watano, mmoja wao akiwa hajazaliwa. Mdogo wake Sitiveni na wifi yake Kalolaine. Na watu wa visiwa hivi ambao mpaka leo wakiona mtu kwenye picha anashika taa kuteremka gizani, humtukania mama yake.

Wauguzi, majirani, mchungaji na wapishi wenzangu, familia inawashukuru. Feleti ametua asubuhi hii, na yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Dada, Mungu akupe usingizi wa amani. Na usipoweza kulala, basi akuache utembee kwa amani.