Mtoto Aliyeupa Mlima Mgongo

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni ubao uliong'olewa kwenye bodi ya lori bovu, ukapigiliwa miguu minne, ukawekwa mbele ya cherehani yangu barazani kwa Mhindi, hapa hapa sokoni Arusha. Mimi ni Solomoni, fundi nguo, ila wao wananiita Pindo. Birika ni langu, mkaa ni wangu, kahawa ni yangu. Wenzangu huleta midomo tu. Na hao wenzangu ni wawili. Kapteni, ambaye hajawahi kuwa kapteni wa kitu chochote, alikuwa mpishi wa askari wakati wa vita akapelekwa Burma, na tangu arudi hatupumui. Spana ni Reginald, Mchaga wa Machame, anatengeneza malori kule Sakina na anaamini hata ndoa ina boliti. Jumamosi ile, mwaka ule baada ya watu wa Ngare Nanyuki kuhamishwa na serikali kupisha mashamba ya Wazungu, mlima Meru ulikuwa wazi toka asubuhi, na mimi nilikuwa na suruali tatu za kumaliza. Ndipo akatokea Mwalimu Thomasi, kijana wa watu, shati limelowa jasho, anatembea kama aliyefiwa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Mwalimu. Kaa, kahawa bado ya moto. Umeteremka mlimani kufuata nini?

— Nimefuata ramani ya dunia. Duka la vitabu wanasema iliagizwa, ila bado iko melini.

— Basi usiwe na wasiwasi, akasema Spana. Ramani ya bahari iko baharini, inajifunza.

Mwalimu hakucheka. Akatueleza. Jumatatu Bwana Mkaguzi anapanda kukagua shule yao, na darasa atakalolikagua ni la pili, darasa lake. Somo ni mabara na bahari. Mwalimu mwenyewe yuko katika mwaka wa majaribio. Watoto wakijibu vizuri anathibitishwa, wakibabaika anarudi nyumbani kwa babake kupalilia migomba.

— Bila ramani unafundishaje? nikamuuliza.

— Nimechora dunia uwanjani kwa majivu, Mzee Pindo. Mabara yote. Kaskazini nimeielekeza mlimani, ndiyo maana Ulaya ipo jirani na choo cha walimu. Afrika katikati. Australia kule chini karibu na migomba. Penye nyasi ni bahari. Nikitaja bara, mtoto anakimbia kusimama juu yake. Akikanyaga nyasi, amezama.

Nikaona huyu kijana ana akili. Nikamwongezea kahawa.

— Wanapenda? akauliza Kapteni.

— Wanapenda sana. Shida ni maswali. Juzi wameniuliza bahari inashikwa na nini isimwagike.

Hapo ujue watoto wa mlimani wamekua kando ya mifereji. Mtoto wa miaka saba anajua maji yanaingia kihambani, shamba la migomba la babake, zamu gani na yanatoka vipi. Maji kwake ni kitu kinachoteremka. Sasa umwambie kuna maji mengi kuliko nchi kavu, na yamekaa tu, hayaendi popote.

— Ukawajibuje?

— Niliwaambia tutaendelea kesho. Mimi mwenyewe sijaiona bahari.

— Umekuja mahali penyewe, akasema Kapteni, akavuta suruali magotini. Mimi niliivuka siku kumi na tatu. Bahari, Mwalimu, katikati imenyanyuka kama mgongo wa ng'ombe. Meli inapanda nusu ya safari, inateremka nusu iliyobaki.

— Na maji hayateremki?

— Chumvi inayashika. Unadhani iliwekwa chumvi ya nini?

— Uongo mtupu, akasema Spana. Kila tangi lina kizibo chake chini. Mito inaingia huku, maji yanatokea kule. Kama si hivyo, huu mto Themi peke yake ungeshaijaza bahari zamani. Na siku kizibo kikilegea, tumekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Kizibo nilikipita mimi, akasema Kapteni. Maji pale yanazunguka. Na mbele kidogo ndiyo ukingo wenyewe, ndiyo maana manahodha hupunguza mwendo jioni. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Kapteni, nikamwambia, si wewe uliyetuambia siku zote kumi na tatu ulikuwa chini melini unamenya viazi?

— Jikoni palikuwa na dirisha.

Tukacheka, hata Mwalimu akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. Akaweka kikombe chini.

— Hayo maswali si kitu, akasema. Kuna mtoto mmoja. Anaitwa Tabea. Ana miaka minane, alikuja kwetu na wale waliohamishwa. Nikisema Ulaya, wenzake arobaini wanapanda, yeye anateremka kwenye migomba. Nikisema Bahari ya Hindi, wote wanakwenda mashariki, yeye peke yake magharibi. Nimemwelekeza, nimemshika mkono, nimemchapa. Kesho yake ni yale yale. Wenzake wameshampa jina, wanamwita Kinyume.

— Anakosea kila mara? nikauliza.

— Kila mara, na kote kote. Hajawahi hata kubahatisha.

Mimi nikasema kitu hapo, na naomba nikumbukwe kwamba nilikisema. Nilisema nguo ukiivaa ndani nje haimaanishi ilishonwa vibaya. Hakuna aliyenisikiliza.

— Sasa Jumatatu utafanyaje? akauliza Spana.

Mwalimu akaangalia viatu vyake.

— Jana nimemwambia Jumatatu asije shule.

Mimi nina wajukuu. Najua mtoto akiambiwa asije mahali anavyojisikia. Lakini kijana naye kazi yake ndiyo hiyo inayumba, na babake ameuza fahali kumsomesha. Sikujua nimuonee huruma nani.

— Umefanya sawa, akasema Kapteni. Samaki mmoja akioza.

— Huyo hajaoza, akasema Spana, ni waya zake zimepishana. Nimeona lori la namna hiyo. Ukiweka gia ya mbele linarudi nyuma. Huyo mtoto alianguka wakati wa kuhama, akagonga kichwa kwenye mkokoteni.

— Si kichwa. Burma tulikuwa na dira, tukifika karibu na chuma inageuka. Kichwani mwa mtu mna chuma kidogo. Mtoto akihamishwa ghafla, kile chuma kinachelewa kufika.

— Kikachelewa miezi yote hiyo? nikauliza.

— Kinatembea kwa miguu.

— Basi mniache niseme ukweli, akasema Spana. Ni maji. Maji ya Ngare Nanyuki si mnayajua? Si mnawaona watu wa kule meno yao yalivyo rangi ya kutu? Maji yanayoweza kuchoma jino, ambalo ni mfupa, ubongo yatauacha? Umelainika, mtoto haoni mbele wala nyuma. Wale wote wa kule ndivyo walivyo. Maji hufuata mkondo.

Tulicheka. Nasema tulicheka, na mimi nikiwemo, sindano mkononi. Ndipo nikainua macho nikamwona mwanamke amesimama kando ya nguzo ya baraza, kapu la maharage kichwani. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

— Hodi hapa. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

Alipoongea alifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Lakini nilikuwa nimeshayaona meno. Spana naye aliyaona, akashika kikombe kitupu akawa anakinywa.

— Sokoni nimeambiwa Mwalimu wa mlimani yuko hapa kwa fundi. Mimi ni Ruth, mama yake Tabea.

Mwalimu Thomasi akasimama. Mimi nikamsogezea mama kigoda changu mwenyewe, nikammiminia kahawa bila kumuuliza. Akalitua kapu, akakaa. Kahawa hakuigusa.

— Mwalimu, sikuja kugombana. Mtoto ameniambia kaambiwa asije Jumatatu. Nikamuuliza amekosa nini, akasema hajui. Ndiyo nimekuja kuuliza.

— Mama, hana utundu wowote, akasema Mwalimu. Ni hili somo la mabara. Hajui kaskazini.

— Kaskazini?

— Kila siku nawaambia, kaskazini ni mlimani. Yeye nikisema kaskazini anaupa mlima mgongo, anakimbilia bondeni.

Mama Tabea alimtazama Mwalimu kwa muda, akasahau kufunika mdomo.

— Lakini mlima uko kusini, Mwalimu.

Kapteni akakohoa. Spana akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

— Kusini, mama? Huu hapa?

— Kule kwetu. Ngare Nanyuki iko nyuma ya mlima. Babake ndiye aliyemfundisha, wakienda wote kuchunga mbuzi. Alimwambia, ukipotea, mwanangu, upe mlima mgongo. Mbele yako ni kaskazini, Longido. Mkono wa kulia ndiko jua linakotoka. Alikuwa na miaka mitano tu, na hakuwahi kupotea hata siku moja.

Mwalimu akakaa tena, taratibu. Nilimwona anageuza kichwa kuutazama Meru, halafu barabara, halafu Meru tena. Mkono wake mmoja ulikuwa unachorachora gotini. Nadhani alikuwa akizungusha uwanja wake wa majivu.

— Na huku? akauliza kwa sauti ndogo. Hajawahi kusema kitu huku, mama?

— Tulipofika tu aliniuliza kwa nini huku jua linatokea magharibi. Nilikuwa napanga vyungu chini ya turubai, mvua inanyesha. Nikamwambia aniache.

Mwalimu alijishika kichwa kwa mikono miwili.

— Alikuwa anajibu sawa, akasema. Siku zote alikuwa anajibu sawa, kwa mlima wa kwao. Mimi ndiye sikuwafundisha kaskazini, niliwafundisha mlima. Wale arobaini nikiwavusha upande wa pili, wote watapotea, na mimi mbele yao.

— Kwa hiyo kichwa chake kizima? akauliza mama.

— Kizima, mama. Pengine kuliko changu.

Nilidhani yamekwisha. Nikachukua birika kumwongezea kila mtu. Lakini mama hakuinuka. Alikuwa anakunjakunja ncha ya khanga.

— Babake hakumaliza masika ya kwanza huku, akasema. Homa. Tabea hakulia sana. Ila jana alipotoka shule aliniuliza neno, tangu hapo sijalala. Aliniuliza, mama, kwani baba alinidanganya?

Spana aliweka kikombe chini.

— Nimeshindwa kumjibu, akasema mama. Mimi sikusoma. Nikimwambia hakudanganya, mbona Mwalimu anamchapa? Nikimwambia alidanganya, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Ninyi ni watu mliotembea, mmevuka bahari. Nirudi nimwambie nini?

Alituangalia mmoja mmoja. Nimekaa kwenye baraza hili miaka kumi na moja, na sijawahi kusikia benchi lile likikosa neno. Kapteni aliyeipanda bahari na kuiteremka alikuwa anasugua goti lake. Mimi nikaona haya, haya hasa, kwa kile kicheko changu cha dakika chache zilizopita. Nikamwambia mama anywe kahawa, na nikajua nimesema upuuzi.

Mwalimu Thomasi akainuka. Akachukua kofia yake.

— Mama, turudi wote. Nitamwambia mimi.

— Mwalimu, akasema Kapteni, kwa upole lakini, fikiri kwanza. Umwendee mtoto wa darasa la pili umwambie umekosea? Mwalimu mzima? Jumatatu atakuheshimu nani? Na Mkaguzi je? Siku moja imebaki, na dunia yako imeshachorwa.

— Majivu yanafagiliwa, Mzee. Kesho nikitoka kanisani nitaanza upya. Jumatatu asubuhi nitawasimamisha watoto walitazame jua linapotoka, kaskazini iwe mkono wa kushoto. Hiyo haibadiliki, ukae mbele ya mlima ukae nyuma yake.

— Na wakibabaika mbele ya Mkaguzi?

— Watababaika kidogo, akasema, akaivaa kofia. Basi nitarudi kupalilia migomba. Lakini Tabea atakuja.

Akaliinua kapu la maharage, akamtwisha mama. Mama akatushukuru, eti ametushukuru sisi, akatuaga kwa heshima zote. Spana alisimama ghafla akamfuata hatua mbili.

— Mama Tabea, akasema. Yale niliyosema kuhusu maji. Unisamehe.

— Nimezoea, baba, akasema mama.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalomuuma Spana mpaka leo. Wakavuka barabara, Mwalimu mbele, mama nyuma. Wakiwa bado hawajafika mbali nikamsikia mama anamuuliza atamwambiaje mtoto, na Mwalimu akapunguza mwendo ili wawe sambamba.

— Nitamwambia baba yake alisema kweli, akajibu. Halafu nitamwomba anionyeshe mlima ulivyokuwa ukionekana kutoka mlangoni kwao.