Fundi Mizibo Aliuawa na Minyoo, Hakuuawa na Mkewe

Mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Wasifu uliochapwa kwenye programu mlizoshika umeandikwa na wadogo zangu wawili wa kiume, na unasema ndugu yetu alifariki "katika mazingira ya kutatanisha." Ukunjeni huo, mjipepee. Nitakaousoma ni huu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba mkunga alimwambia mama, "Huyu kaja na mizigo yake." Mmoja wa mizigo hiyo ulikuwa ubishi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1989, akaenda chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Mwalimu wake aliisifu mikono yake na kuyalalamikia masikio.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alizibua mabomba ya maji machafu, ndiyo maana mji mzima ulimwita Fundi Mizibo. Hakuna choo kilichomshinda. Kilichomshinda ni sabuni. Alikuwa akitoka shimoni, anapangusa mikono kwenye suruali, anamega mkate. Akiambiwa anawe, alijibu, "Uchafu unanijua, tumeshazoeana." Watu walicheka, naye alipenda sana wacheke.

Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, mwanamke asiye na maneno mengi. Walijaliwa watoto watatu. Kila baada ya miezi sita wifi alinunua dawa ya minyoo ya nyumba nzima. Watoto walimeza. Baba yao aliificha yake chini ya ulimi, akaenda kuitema nyuma ya tangi la maji. "Minyoo ni ya watoto," alisema. "Mimi nina ndevu." Mtu mzima huyo.

Mwezi Machi mwaka huu tumbo lilianza kumsokota. Likavimba, choo kikagoma. Akajitibu kifundi: bomba likiziba, ongeza nguvu ya maji. Alikunywa dawa ya kumfanya aharishe, maradufu ya alivyoelekezwa dukani. Tumbo likazidi kuwa gumu, na wifi akaomba apelekwe hospitali siku ileile. Kabla hawajatoka, marehemu alitapika mnyoo, mrefu, unajinyonganyonga kwenye beseni.

Hapo wadogo zangu wakapata akili, eti. Mmoja karani, mwingine dereva, wote wamesoma.

"Huyu kalishwa kitu," akasema karani.

"Na anayempikia ni nani?" akauliza dereva.

Wifi akawaambia, "Shemeji zangu, ni minyoo hiyo. Twendeni hospitali." Wakamsukuma pembeni, wakampakia mgonjwa garini, wakampeleka kwa mganga. Siku mbili nzima mganga akamfukizia moshi mtu ambaye utumbo wake ulikuwa unaoza.

Alipofikishwa hospitali alipasuliwa siku hiyohiyo. Daktari alituita sisi ndugu akatueleza taratibu, kama anasema na watoto: minyoo ilikuwa imejikusanya donge, ikaziba utumbo, utumbo ukajisokota, ukaoza, ukatoboka, na uchafu ukasambaa tumboni. "Mngemleta juzi," akasema. Karani akatazama saa yake. Ndugu yetu alifariki asubuhi ya tarehe 21 Machi.

Jana hawa mabwana walimnyang'anya wifi funguo za nyumba, wakamwambia baada ya maziko afungashe, kwa sababu muuaji harithi. Nyumba ambayo mabati yake yametoka kwenye cherehani ya wifi. Hamna haya hata kidogo? Mmeona ni aibu watu wasikie neno minyoo, mkaona afadhali mjane aitwe muuaji. Na huyo mganga wenu mbona simwoni hapa makaburini?

Marehemu ameacha mjane, ambaye programu yao imemruka. Simama, wifi, watu wakuone. Ameacha watoto watatu, dada wawili, na wadogo wawili wa kiume, hao wanaotazama viatu vyao.

Mdogo wangu, mbishi wangu, nimekukasirikia na nimekulilia. Pumzika kwa amani.

Wifi, sogea. Asubuhi nilimpekua karani mifuko yote mbele ya mkewe. Funguo zako hizi hapa. Tukishafukia, wewe na watoto mrudi nyumbani kwenu.