Vidole Viwili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani asogee kivulini, na mwenye gari ambalo redio yake inakoroma, leo aivumilie. Leo tunamkumbuka fundi.

Alikuwa fundi wa magari. Kazi yake hasa ilikuwa kuinua magari ya zamani, yale ya barabara mbaya, yenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wengi mlimjua kwa jina la Vidole Viwili. Jina lake la kwenye kitambulisho hamkulijua, na hata yeye ukimwita kwa jina hilo alikuwa hageuki.

Ametangulia mbele ya haki. Ameacha mke, ameacha binti mmoja ambaye ni fundi cherehani, na ameacha gereji yenye mlango wa bati unaolia ukifunguliwa. Tumekwenda nyumbani kwake tukazungumza na mkewe. Mama huyu ni nesi mstaafu, na mtaa mzima unamwita Nesi. Marehemu mwenyewe alimwita hivyo hivyo, Nesi. Mengi mtakayosikia leo yametoka kinywani mwake.

Kwanza, jina. Kwa nini Vidole Viwili?

Mteja alikuwa akija na gari lake, kifua mbele, anataka liinuliwe mpaka watu wageuze shingo.  Fundi alichuchumaa, akachungulia chini ya gari, akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akanyoosha vidole viwili, akavilaza mbele ya uso wa mteja.

"Hivi hapa. Unene wa vidole viwili. Basi."

"Na cha tatu je, fundi?"

"Cha tatu ni cha kujionyesha. Hicho kakitafute kwa jirani."

Jirani, wasikilizaji, alikuwepo kweli. Gereji mbili, ukuta mmoja. Upande wa pili alikuwa fundi mwingine, naye akiinua magari, lakini yeye alikuwa hana breki. Akianza kuinua, anainua. Watu wakamwita Mnara. Mafundi hawa wawili walibishana juu ya ule ukuta miaka na miaka, huku wakiazimana jeki kila siku.

"Gari lako limepita hapa," Vidole Viwili alikuwa akimpigia kelele, "kuku wamepita chini yake bila kuinama!"

"Na lako limepita," Mnara anajibu, "hata mwenyewe hajui kama limeinuliwa!"

"Ndiyo kazi hiyo!"

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Alitaka gari litoke kwake kama lilivyozaliwa kiwandani, ila limesimama vizuri zaidi. Springi mpya zenye mkunjo kidogo, shokapu ndefu kidogo, mipira ya breki aliyoikagua isije ikavutika. Alisema ukizidisha, usukani unapoteza mwelekeo, na shafti inayopeleka nguvu nyuma inakaa kombo mpaka inajitafuna. Alikuwa na msemo wake kuhusu watu wa kiwandani. "Aliyelitengeneza hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka tu. Mimi namalizia."

Sasa sikilizeni jambo hili, maana habari yote ya leo imekaa hapa. Kwenye ncha ya springi mna bushi. Bushi ni kipande cha mpira, na katikati yake inapita bolti. Ukiikaza bolti gari likiwa bado linaning'inia juu ya stendi, ule mpira unashikwa ukiwa umekaa vibaya. Ukishusha gari, unajipinda. Kila shimo unajipinda tena, na mwisho unachanika. Kwa hiyo unafunga bolti kwa mkono kwanza. Unashusha gari. Likishasimama kwa uzito wake, ndipo unakaza kwa spana.

Narudia. Unashusha kwanza, halafu ndipo unakaza.

Mafundi wengi wanalijua hilo, na wengi wanaliruka. Vidole Viwili alikuwa haruki. Tena aliongeza lake. Yeye gari tupu halikumtosha. Alitaka watu waketi ndani, walewale watakaolipanda. Mteja akija na mkewe na mama mkwe, wote ndani, kimya, mikono magotini, huku fundi yuko chini anakaza. Kama mteja amekuja peke yake, anaitwa Nesi.

"Nimeketi kwenye magari ya watu mpaka nimechoka," Nesi ametuambia. "Nachambua mchele wangu, nasikiliza spana. Nikicheka tu, ananifokea kutoka chini: Nesi, usicheke, unanitingishia kazi!"

Ila gari lake mwenyewe lilikuwa limelala chini kama mgonjwa. Mnaijua hii. Fundi wa viatu, nendeni mkatazame viatu vyake.

Gari hili lilikuwa na kazi moja kubwa. Lilimpeleka Nesi kwa dada yake mkubwa. Dada huyu ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na Nesi ndiye anayemsafisha na kumfunga bendeji. Kufika huko kuna kijito cha mawe. Kila walipovuka, tumbo la gari liliparuza. Safari moja jiwe likapasua sehemu ya chini ya injini, oili yote ikamwagika, wakarudi nyumbani kwa kuvutwa.  

Basi fundi akaamua kuliinua. Hapo ndipo Nesi akaleta neno lake.

"Ukiliinua, mimi nitalipandaje?"

Goti lake la kulia ni bovu. Halimkatazi kutembea, na mkongojo anao, lakini kupanda kitu kirefu kwa mguu huo ni shida. Akamwambia mumewe wazi: "Siwezi kubebwa kama gunia na akili zangu timamu. Siku nitakapobebwa kuingia garini, siku hiyo siendi tena popote."

Fundi akamtazama, akanyoosha vidole viwili. "Viwili, Nesi. Jiwe halitagusa, na wewe utapanda mwenyewe. Niachie."

Siku moja akamwita gerejini. Akamsimamisha kando ya mlango wa dereva, chaki mkononi. "Inua mguu. Haya, nyoosha mkono, shika hewa kama unataka kupanda." Akatia alama pale mkono ulipofika. Nesi akamuuliza kwa nini anampima upande wa dereva, wakati yeye anakaa upande wa kushoto.

"Upande ule kuna ukuta," akajibu.

Na ukuta ulikuwepo kweli. Nesi akarudi kwenye shughuli zake.

Jambo jingine niliweke hapa. Macho ya fundi yalikuwa yameanza ukungu. Bolti aliitafuta kwa vidole, na hilo halikumsumbua. Barabarani ndiko kulikokuwa na taabu. Safari moja alilipita geti la nyumbani kwake, akaenda mbele kabisa ndipo akashtuka. Nesi akamsihi aende kwa daktari wa macho. Akasema baada ya gari. Nesi mwenyewe zamani aliendesha gari la zahanati, udereva anao, lakini tangu goti lilipoharibika aliuacha usukani. "Nilistaafu vyote kwa pamoja," ametuambia.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa mchana wa kawaida. Fundi alikuwa amemaliza kufunga springi mpya zote. Gari liko juu ya stendi, bolti zote zimeshikwa kwa mkono tu, hazijakazwa. Akakaa kwenye kigoda apumzike. Hakuinuka tena. Kiharusi, walisema hospitali.

Tukazika. Watu wakaja, watu wakaondoka. Gari likabaki juu ya stendi.

Kaka wa marehemu, mtu mzima na mwenye nia njema kabisa, akaja na shauri. "Shemeji, hili gari liuzwe. Limebaki pambo. Dereva ameshaondoka."

 Nesi alikuwa anafikiria mguu wa dada yake. Magari ya kukodi yalikuwa yakifika kijitoni, yakitazama yale mawe, yakigeuza. Kidonda kilikuwa kinafungwa na jirani, na jirani anafunga anavyojua. Nesi ametuambia bila kuficha: aliogopa. Aliona maisha yake yameishia getini.

Asubuhi moja yuko jikoni, akasikia mlango wa bati unalia. Halafu akasikia spana. Alizijua sauti za spana kuliko nyimbo, na hii ilikuwa ya kukazia. Bolti inakazwa, na hakuna aliyemwita akakae ndani.

Akashika mkongojo, akatoka. Chini ya gari kuna miguu miwili. Ni Mnara. Alikuwa ameruka ukuta wake wa ubishi akaja kummalizia mwenzake kazi, bila kuombwa na mtu.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nakaza, shemeji. Nimeona kazi ya ndugu yangu isilale."

"Hewani?"

Spana ikanyamaza.

"Ilegeze hiyo," Nesi akasema. "Shusha gari. Watu wakae ndani."

Mnara akatoa kichwa, uso wote grisi na machozi. "Jambo hili nimembishia mumeo miaka yote."

"Basi leo usimbishie mjane wake."

Akalegeza. Wakashusha gari. Wakalisukuma mbele na nyuma springi zikae, wakaliacha katikati ya uwanja, mbali na ukuta. Binti akaingia kiti cha nyuma. Kaka wa marehemu, aliyekuja kuulizia ile habari ya kuuza, akaambiwa naye aingie nyuma. Akaingia. Kwa Nesi wa siku ile hata wewe ungeingia.

Nesi akaenda mlango wa kushoto, upande wake wa siku zote. Kuingia upande huo, mguu unaotangulia ni wa kulia. Akauinua. Goti likakataa. Akajaribu tena, likakataa. Vile vidole viwili, unene huo tu, vilikuwa vimemshinda.

"Nilimkasirikia," anasema. "Marehemu, na bado nilimkasirikia. Nikasema moyoni, sasa wewe ulipima nini?"

Mnara akaita kutoka chini. "Shemeji, mbele kutupu, gari limelala nyuma. Mtu akae kiti cha dereva."

Nesi akazunguka, pole pole, mpaka mlango wa dereva. Akaufungua. Na kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na mshikio mpya. Chuma kilichopindwa vizuri, kimefungwa bolti mbili, kimevalishwa mpira wa baiskeli usiteleze. Mshikio ulikuwa pale pale ilipokuwa alama ya chaki. Akaushika. Upande huo mguu unaotangulia ni wa kushoto, ule mzima. Akapanda. Mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Binti akachungulia mlango wa kushoto. Huko hakukuwa na mshikio, wala tundu la bolti.

Nesi akakaa na usukani mbele yake. Ukuta ulikuwepo siku ile, kweli. Lakini gari lina magurudumu. Mumewe angetaka kumpima upande wa abiria, angelisogeza. Alikuwa anajua macho yake yanakwenda wapi. Alikuwa anamtengenezea dereva mwingine, na hakumwambia, kwa sababu alijua angekataa.

"Nikalia," anasema Nesi. "Nililia pale kwa sauti. Siku ya mazishi sikulia hivyo."

Na kutoka chini ya gari sauti ya Mnara ikatoka: "Shemeji, usilie. Unanitingishia kazi."

Bolti zikakazwa zote, kila moja mahali pake, gari limebeba uzito wake.

Baada ya hapo Nesi alizungusha gari uwanjani siku kadhaa, kaka wa marehemu pembeni ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Habari ya kuuza hakuitaja tena. Kisha wakaenda kwa dada yake. Kijitoni Nesi aliingia kwa gia ndogo, akasikilizia mparuzo. Ulikuwa haupo. Walisikia maji tu.

Dada mkubwa alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Alisikia injini, akatazama kiti cha nyuma, akatazama cha kushoto. "Dereva wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu anayekuja na bendeji," Nesi akasema.

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinampa pole Nesi. Kinawapa pole binti, kaka wa marehemu na ndugu wote. Kinampa pole pia Mnara, maana aliyebishana nawe maisha yote akiondoka, ukuta unakuwa mrefu mno. Mnara ametuambia sasa naye anaketisha watu ndani kabla ya kukaza. Ila akiinua gari, bado anainua unene wa vidole vitatu. Hapo ametukatalia.

Marehemu apumzike pema. Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja leo jioni, kila mtu kimoyomoyo. Yupo mtu nyumbani ambaye kesho atahitaji kupanda bila wewe kumshika mkono. Je, umeshamfungia mshikio?