Kiti Hicho Kirudisheni

Kiti hicho kirudisheni mlikokitoa. Nitasimama. Ndugu zangu, sikuja hapa kuwafurahisha, na kama yuko aliyekuja kunililia, machozi yake ayaweke, yatamfaa siku nyingine. Jina la mtu sitataja. Wenye kujijua watajijua, na wakitaka kukasirika, mlango ni ule pale.

Mnanifahamu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwetu Kitui, na huu ni mwaka wa tisa niko Garissa. Miaka mitatu iliyopita nilipanda basi kwenda Wajir kusimamia mtihani. Kabla hatujafika Habaswein, basi likapinduka. Nilizinduka hospitalini, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Hilo nililimeza, ajali haina kinga. Walionimaliza ni nyinyi.

Ndiyo, nyinyi! Msitazamane. Nilirudi na mguu wa bandia, mkaanza kuongea nami kwa sauti ya matangani. Hakuna aliyethubutu kutamka "mguu". Ikawa "ile shida". "Mwalimu, ile shida inaendeleaje?" Nikiingia hapa kanisani, mazungumzo yanakatika. Shuleni nako nikaambiwa nikae stoo ya vitabu, eti wanafunzi wasishtuke. Ala! Wanafunzi niliowafundisha mwenyewe, leo washtuke wakiniona? Nikaomba likizo ya ugonjwa, nikaenda nyumbani na ufunguo wa stoo mfukoni, nikafunga pazia.

Nilikaa ndani miezi saba. Sikunyoa ndevu. Nilivaa suruali ndefu hata kitandani, na joto la hapa mnalijua, ili mimi mwenyewe nisiuone huo mguu. Niliuchukia mji huu, nikawachukia nyinyi, nikajichukia na mimi. Barua ya kuacha kazi niliiandika mara mbili. Kusimama tena mbele ya darasa niliona ni ndoto.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kisomali, mjane, mtu asiye na maneno mengi. Siku moja akagonga mlango kwa bakora yake. "Mwalimu, mguu ndio imekatwa. Kichwa nayo imekatwa?"

Nikajifunika shuka.

"Basi toka nje. Kwa baraza yangu kuna watoto kumi na mbili, wanataka mtihani ya fomu foo. Hesabu hakuna mtu anajua."

Hao "watoto" walikuwa watu wazima wenzetu. Wengine ukame uliwatoa shule, wengine ndoa, wengine walifiwa na wazazi. Alikuwepo msichana anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, aliyetoka Sangailu ng'ombe wa kwao walipokwisha. Alikuwepo kijana anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Nilienda kuwafundisha ili yule mama aniondokee tu. Msinipambe, wema haukuwepo.

Siku ya tatu nimewapa mgongo, naandika ubaoni, nikasikia yule msichana wa maziwa akisema, "Langare, hapo kwa swali la nne sijaelewa."

Langare! Kisomali changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa: kiguru, mtu anayechechemea. Mbele ya darasa zima! Nilirusha chaki, nikawatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji, nikaenda kujifungia. Kwa hasira ile sikugundua kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amecheka.

Siku nne baadaye nikasikia hodi. Msichana amesimama nje na dumu lake la maziwa, mama mwenye nyumba kando yake.

"Mwalimu, umekasirika nini?"

"Umeniita kiguru!"

Akanitazama kama mtu niliyemwambia jua ni moto. "Si unachechemea?"

Nikaivuta suruali ifunike kiatu.

"Huyu wa punda tunamwita Ilkacase, kwa sababu meno yake ni nyekundu. Abti yangu, ndugu ya mama, iko na sikio moja. Jina yake ni Sikio, hata kwa harusi yake iliitwa hivyo. Mtu akiwa wetu, anapata jina. Ama wewe unataka tujifanye hatuoni?"

Jamani. Nawaambia, hayo maneno yalinipiga. Mwaka mzima nilikuwa nimezungukwa na watu wanaojifanya hawaoni, nikaita hayo heshima. Nikaketi kizingitini, nikacheka mpaka nikalia. Msichana akangoja nimalize, kisha akasema, "Haya, swali la nne bado."

Nikakunja suruali mpaka gotini, nikatoka hivyo hivyo. Barazani Ilkacase akainama, akaukagua mguu. "Langare, hii kiatu ni ya lami. Hapa ni mchanga." Akakata kipande cha tairi kuukuu, akakitia chini ya kiatu, kipana kuliko soli. Tangu siku hiyo sijazama mchangani. Nyinyi mlioniombea mwaka mzima, nani aliwahi kuutazama huo mguu?

Nilirudi shuleni suruali imekunjwa, nikaweka ufunguo wa stoo mezani, nikauliza darasa langu liko wapi. Wanafunzi wakaukodolea mguu macho, kisha mmoja akauliza kama unatoka. Nikautoa, wakauona, nikauvaa. Tukaendelea na hesabu za sehemu.

Sitawadanganya, mambo hayakunyooka yote. Kati ya kumi na wawili, watano walituacha njiani. Saba wakafanya mtihani. Yule msichana akapata D ya hesabu. Mimi nilitaka kulia, yeye akaja na dumu lake. "Langare, ni D. Tunarudia." Sasa tunarudia, kila Jumamosi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mwenye nyumba kwa ile bakora, na wale vijana kwa jina walilonipa. Hawapo hapa, na tujiulize ni wangapi wetu sisi wa kuja tumewahi kumwalika mtu wa hapa hata kwa chai, badala ya kungoja barua ya uhamisho. Mficha uchi hazai. Mimi nilijificha, na nyinyi mkanishikia pazia.

Baraza lile linahitaji mwalimu wa Kiingereza na wa kemia. Msiende kwa huruma, watawatambua mara moja. Na mkienda, mjue mtapewa majina. Mwenye kitambi ataitwa kitambi, mwenye kipara ataitwa kipara. Mchungaji, usicheke, nawe umo.

Haya, nimemaliza. Sasa kile kiti nileteeni. Mguu unaniuma.